Shule ya kutwa ya Kichina na Kiingereza: kabla ya kuuliza mwalimu katoka wapi, omba ratiba

Mzazi wa Kisumu anayetafuta shule ya Kichina na Kiingereza huuliza kwanza mwalimu wa Kichina ametoka wapi. Mimi ningeomba kuona ratiba.

Mpangilio unaofahamika zaidi ni nusu kwa nusu. Darasa la watoto 24 linakatwa mara mbili: 12 wanakaa na mwalimu wa Kichina asubuhi, 12 na wa Kiingereza, na baada ya chakula wanabadilishana vyumba. Kila mwalimu anashikilia lugha yake, hata mtoto anapoomba kwenda msalani. Kiswahili nacho ni lazima kipate vipindi vyake, na nyumbani kuna Dholuo. Kwa hiyo "lugha mbili" ni jina la kwenye kibao tu.

Kosa kubwa ni kuliachia kundi moja Kichina cha mchana muhula mzima. Saa nane, joto la ziwani likiwa limepanda na ugali na omena viko tumboni, mtoto wa Gredi ya 1 anasinzia. Zungusha makundi kila wiki. Asubuhi pia ina yake: gari la shule likikwama Kondele, viti vinabaki vitupu, kwa hiyo kipindi cha kwanza cha dakika 30 kiwe cha mwandiko, si cha maneno mapya.

Mwandiko unataka daftari la miraba, kila mraba umekatwa robo nne. Ukiutazama, mraba huo ni herufi 田, yaani shamba. Ina mistari 5: wa wima wa kushoto, wa juu unaokunja kona na kushuka kulia, mlalo wa katikati, wima wa katikati, mwisho kabisa ule wa chini unaofunga. Mtoto aliyezoea herufi "o" huchora boksi zima kwanza, halafu anatia msalaba ndani. Ukisahihisha daftari jioni huoni kosa, kwa sababu picha ni ileile. Lazima uutazame mkono unapoandika, na ndiyo maana 12 wanatosha.

Kinacholeta fujo zaidi ni pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, kwa sababu mtoto huyohuyo anajifunza kusoma Kiingereza. "Men" ubaoni kwa Kichina ni mén, mlango. "She" ni shé, nyoka. "Fan" ni fàn, wali. Tumia chaki ya rangi moja kwa pinyin mwaka mzima, na usiandike neno bila alama ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hata ukiwa na haraka. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Hebu fikiria hapo sokoni Jubilee. Kwa hili watoto wanaosema Dholuo wana bahati, maana lugha yao nayo hutofautisha maneno kwa toni.

Kwenye hesabu, Kiswahili kinasaidia kuliko wengi wanavyodhani. 11 ni shíyī, "kumi moja", karibu sawa na kumi na moja yetu. Shida inaanza kwenye 10,000, ambayo ina jina lake, wàn. Laki moja inakuwa shíwàn, "elfu kumi" kumi. Mtoto asipopewa jedwali la sifuri, anapoteza sifuri moja njiani. Na somo lisirudiwe kwa lugha ya pili: sehemu (nusu, robo) zikianza Jumatatu kwa Kichina, Jumanne Kiingereza kiendelee pale zilipoishia. Anayejua atasikia tena baadaye hufunga masikio mapema.

Hilo haliwezekani bila daftari la makabidhiano. Dakika 10 kabla ya chakula walimu wawili wanaandika: tumefika wapi, maneno gani ya hesabu yametumika, nani amekwama. Likikaa siku mbili bila kujazwa, watoto ndio wanaomweleza mwalimu wa mchana walichosoma, na huwa wanasema wamemaliza.