Kutembeza wageni Mji wa Kale wakati wa kaskazi

Kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, Mombasa huwa hari tupu. Kipimajoto husoma nyuzi 32 au 33, na mgeni aliyepitia nchi za jangwa hudhani hilo si joto la kuogopwa. Tatizo letu ni unyevu wa bahari. Jasho latoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Mimi ni mtembezaji wageni. Kwa muda mrefu makundi yangu yaliletwa kwa ratiba iliyopangwa na watu wa ofisini: basi litoke hoteli za ufukweni baada ya chai nzito, lifike ngome ya Fort Jesus saa nne na nusu, tutembee mpaka saa saba. Hapo katikati ya ngome pana uwanja mpana usio na kivuli. Nilichoka kuona wazee wa watu wakishikilia kuta kwa kizunguzungu, nikamwendea mpangaji wa ratiba: "Bosi, saa hizo siwatembezi tena. Nipe asubuhi mapema na jioni, mchana uwe wa kupumzika." Alihofia wageni watakataa kuamka. Nikamwomba ajaribu kundi moja tu. Waliamka, na waliporudi walikuwa bado wana nguvu ya kuuliza maswali.

Sasa naanza saa moja, Ndia Kuu, kabla ya ngome kufunguliwa. Njia hii imelala sambamba na bandari ya zamani, kwa hiyo asubuhi nyumba za upande wa baharini ndizo zinazotupa kivuli, na jioni ni zile za upande wa pili. Natembea nimebana ukuta, na roshani za mbao juu yetu zasaidia. Wenyeji hufanya hivyo bila kufikiri; mgeni hutembea katikati ya njia mpaka umwambie. Lakini kivuli hiki kina mwisho wake. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini ya ikweta, na karibu na tarehe 10 Machi jua la saa sita na nusu hupita utosini kabisa. Saa hiyo hata uchochoro mwembamba hauna kivuli, na mimi sitembezi mtu.

Saa mbili twaingia Fort Jesus. Zamani tulianza na makumbusho; siku hizi naanza na uwanja na ngazi za juu ya kuta, kungali na ubaridi kidogo, na vyumba naviweka mwisho. Jua likikaza, wageni wako ndani wakitazama vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Hawana haraka ya kutoka, nami nasimulia kwa nafasi.

Kuhusu maji, niligundua jambo ambalo hakuna ratiba iliyoliandika. Wageni wengi, hasa kina mama, hawanywi kwa sababu hawajui watajisaidia wapi. Kwa hiyo kabla ya hatua ya kwanza nawatajia vyoo vyote vya njiani. Hapo ndipo dafu huisha mkononi. Nawahimiza pia leso au nguo pana za pamba. Zafaa kwa jua na zafaa kwa heshima ya mtaa. Ramadhani ikiangukia msimu huu, nawatafutia pa kunywea faragha, si mbele ya waliofunga.

Kichwa kikiuma au miguu ikilegea, twakaa kivulini na kunywa taratibu. Lakini mtu akianza kuropoka au kutojua alipo, asilazimishwe kunywa: mmwagie maji mwilini, mmpepee, na tuktuk ya kumpeleka hospitali iitwe papo hapo.

Mchana ni wa kulala, au kukaa ndani ya nyumba ya kale yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Saa kumi na moja twashuka Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, chini ya mibuyu, upepo wa bahari ukivuma. Twala mihogo ya pilipili na ndimu, kisha twavuka Likoni na kurudi kwa feri. Abiria wa miguu halipi kitu, na wageni wengi huniambia hiyo ndiyo saa waliyoipenda zaidi.

Wageni wa meli za kitalii bado wananipa kazi, maana hawachagui saa ya kushuka. Kwao nimefupisha safari: vyumba vya ngome, kipande kifupi cha Ndia Kuu, kisha soko la Marikiti, ambako wananunua viungo chini ya paa.