Kilomita 420 Bila Kufika Popote

Kwa mtu aliyelelewa Nakuru na kuzoea Safari Rally, magari yanayozunguka uwanjani yakipinda kushoto tu si rahisi kuyaheshimu, nami sikumficha shemeji yangu wa Greensboro jambo hilo aliponunua tiketi za mashindano ya vuli ya NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, huko Martinsville, Virginia. Alinijibu, "Shemeji, njoo kwanza, kejeli utazitoa ukiwa umeketi." Hoteli za karibu zilikuwa zimepandisha bei kupita kiasi, kwa hiyo tulisafiri alfajiri, tukaishia kulipia nafasi ya kuegesha gari kwenye shamba lenye matope, mbali na lango.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya NASCAR kuundwa, na mzunguko wake haufiki mita 850. Magari huuzunguka mara 500. Saa ya kwanza ilinipa kelele za kutikisa kifua, benchi lisilo na mgongo, na chembe za mpira wa tairi zilizodondokea mkate wangu wa soseji.

Ndipo mzee mmoja Mzungu aliyeketi kando yangu akanivisha vipokea sauti vya redio yake, inayonasa mazungumzo ya dereva na timu yake. Dereva alikuwa akilalamika kwamba pua ya gari inakataa kupinda na kanyagio la breki linazama. Fundi wake alimsihi azitunze breki, huku mtu wa tatu, anayetazama kutoka juu, akimhesabia nafasi: yuko ndani, bado yuko ndani, umempita. Jua liliposhuka niliziona breki zenyewe zikiwaka kama makaa nyuma ya magurudumu kila gari lilipoingia konani. Mzee alinieleza kwamba kumsukuma kidogo aliye mbele ili umpite kunavumilika, ila kumgongesha ukutani ni deni. Akanionyesha ukuta ambao mwaka 2022 dereva Ross Chastain aliuegemezea gari lake kwenye kona za mwisho bila kupunguza mwendo, akapita magari matano. Mwaka uliofuata mbinu hiyo ilipigwa marufuku.

Mzee huyohuyo ndiye aliyemtaja Wendell Scott wa Danville, mji jirani, dereva Mwafrika Mmarekani aliyeshinda mbio za Jacksonville, Florida, mwezi Desemba 1963 huku ushindi ukitangazwa kwanza kuwa wa dereva mzungu. Scott alifariki mwaka 1990, na familia yake ilikabidhiwa kombe mwaka 2021. Nilifurahi kwamba alilitaja jina hilo bila kuulizwa, maana asubuhi, pale shambani, nilikuwa nikizitazama bendera kwa tahadhari, ingawa ile ya Majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kutetea utumwa ilipigwa marufuku viwanjani mwaka 2020.

Nikaanza kufikiria Naivasha, ambako watu huamka usiku ili kuona gari likipita kwa sekunde chache, kumezwa na vumbi, kisha kungojea jingine, na hakuna anayeuliza raha iko wapi. Mzee yule aliona kila mzunguko na kusikia kila lalamiko. Ni kweli kwamba kwetu wengi husimama kando ya njia bila kulipa hata senti, na kwa hilo Martinsville haitushindi.

Tulikwama shambani muda mrefu tukisubiri foleni ya kutoka. Shemeji sasa anataka twende Talladega, Alabama, ambako mzunguko mmoja unazidi kilomita 4. Nimemwambia nitakwenda iwapo hoteli atailipa yeye na redio nitakodi yangu.