Nilivyowanasa vitwitwi wa Mida

Asiyejua maji asijaribu kukamata ndege wa pwani kama vitwitwi. Sisi kibali tulikuwa nacho, pete za makumbusho ya Nairobi za kuwavisha ndege miguuni, zenye namba za kuwatambua, tulikuwa nazo, na nyavu nyembamba kama utando wa buibui. Kilichotukwamisha ni ushauri.

Mtaalamu mmoja kutoka bara alishikilia tutege usiku wa mwezi mpevu, eti tutaona tunachofanya. Kweli, mwezi mpevu una bamvua, yaani maji yanayojaa kupita siku nyingine, na bamvua ndilo linalofunika matope ya hori la Mida, pwani ya Kenya, hadi ndege wanabanana kwenye vipande vichache vya mchanga. Lakini kama sisi tuliona, na ndege waliona. Kundi linashuka, linakaribia wavu, halafu wote kwa pamoja wanapaa, wanapita juu yetu na kutua ng'ambo karibu na mikoko. Tulikesha ndani ya maji tukiwasikiliza. Tukaambulia membe mmoja!

Mzee mmoja mvuvi wa Dabaso ndiye aliyetuokoa. "Mwanangu, bamvua ni mbili. La mbalamwezi waachie ndege, wewe chukua la giza."

Mwezi ulipoandama tukarudi. Bamvua hapa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Mzee akatuchomekea mti jioni, maji yalipofika kikomo akafunga uzi, akatuambia ukingo wa chini wa wavu ukae shibiri mbili juu ya uzi ule. Ujanja huu nauthamini kuliko vifaa vyote, kwa sababu ndege akinasa, wavu hulegea kwa uzito wake, na ukiwa chini mno atazama kabla hujamfikia.

Walikuja. Vitwitwi wenye midomo iliyopinda, gramu hamsini na kitu kila mmoja, hata tukafunga baadhi ya nyavu ili tusizidiwe. Kumtoa, tafuta kwanza upande alioingilia, kisha anza na miguu. Sululu usimkawize mfukoni, miguu yake mirefu hukakamaa; mweke kwenye sanduku asimame.

Mmoja tayari alikuwa na pete, imechakaa, namba tukaisoma kwa shida. Daftari likasema alivishwa palepale Mida, misimu kadhaa nyuma, akiwa mtu mzima. Makinda wa mwaka wa kwanza wengi hushinda hapa Mei hadi Agosti, lakini huyu kila mwaka alikuwa anakwenda Siberia kutaga na kurudi kwenye mchanga uleule. Nilimshika nikitetemeka kwa furaha, nami sioni haya kusema.

Basi ukimkuta ndege mwenye pete yu hai, nakili namba, mwachie. Akiwa amekufa, toa pete, ipeleke makumbusho pamoja na tarehe na mahali ulipomkuta. Wavuvi wenzetu, msizitupe.