Chupa Mbili na Mafua ya Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba baridi ya Nairobi haina adabu, na mwaka ule wa 2017 iliniachia mafua ya wiki mbili. Nayataja mapema kwa sababu bila mafua yale nisingekuwa na la kusimulia.

Nilikuwa mwanafunzi wa utafiti katika maabara ya ngozi, hospitali moja ya hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa vidonda. Nilikuwa nikikuza seli za ngozi kwenye sahani ya plastiki mpaka zitandae kama mkeka, nazichora mstari mmoja kwa ncha ya pipeti, halafu nazichungulia kwa hadubini zikitambaa kutoka kingo zote mbili kuziba pengo. Mara nyingi kesho yake pengo lilikuwa limekwisha. Basi nikajiona fundi wa vidonda. Kidonda cha mtu, chenye harufu na mwenyewe akigumia, sikuwahi hata kukifunga shashi.

Ndipo akaletwa bibi mmoja wa Majengo, Pumwani. Alikuwa na miaka 78 na kisukari. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, alimshika kwapani kwa uangalifu kama mtu abebaye trei ya mayai. Bibi alikuwa amewashwa miezi mitatu, wakadhani ni kunguni, wakaanika godoro na kupulizia dawa. Kisha yakatoka malengelenge: mapajani, tumboni, ndani ya mikono, makubwa, yamejaa maji na kukaza. Majirani walipoyaona wakaamua bila hakimu kwamba msichana amemmwagia bibi yake maji ya moto. Yeye hakutuambia hayo; aliyesema ni bibi, kwa sauti ya juu, ili foleni nzima isikie.

Mwalimu wangu alimpiga ganzi, akatoa vipande viwili kwa kijisu cha duara cha milimita 4. Kimoja ukingoni mwa lengelenge, cha kutiwa kwenye formalini, maji yenye harufu ya kuchoma pua, ili tuone umbo la jeraha. Cha pili kando kidogo, kwenye ngozi iliyoonekana nzima, cha kutiwa kwenye maji ya Michel. Hicho cha pili ndicho chenye siri. Kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili hugeuka ikashambulia gundi inayoshika ngozi ya juu na ya chini, na kingamwili, yaani askari wa kinga hiyo, huonekana zikitiwa rangi ya kijani inayong'aa. Maji ya Michel huzitunza siku kadhaa, hata bila friji. Formalini huzifunga protini zote pamoja, rangi ikakosa pa kushika.

Chupa zenyewe zilikuwa ndogo, sawasawa, maji yake maangavu kama ya kisima. Nilizijaza mimi asubuhi ile na kuzibandika majina mimi. Mtu yeyote mwenye pua angezitofautisha akifungua kifuniko tu. Mimi pua ilikuwa imeziba.

Siku tatu baadaye niliingia chumba cha giza. Nilitarajia mmoja kati ya magonjwa mawili ya aina hiyo. Kama ni pemfigasi, kijani kingechora kimia cha mvuvi, kila seli ndani ya tundu lake, kwa kuwa hapo kingamwili hukaa baina ya seli na seli. Kama ni pemfigoidi, ungekuwa uzi mmoja ulionyooka mahali ngozi ya juu inapolala juu ya ya chini. Sikuona kimia wala uzi. Giza tupu.

Kinachonitisha mpaka leo ni kwamba nilishika kalamu. Nilikuwa naandika "hakuna kingamwili". Mzee wa maabara, aliyekuwa akifanya kazi ile tangu sijazaliwa, aliomba kuiona chupa. Akafungua, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii si Michel."

Nilitamani sakafu inimeze. Jibu langu lingesomwaje? Bibi hana ugonjwa wa kinga, basi labda ameungua, basi msichana.

Mwalimu wangu si mtu wa kupiga kelele. Alisema, "Tunahitaji kipande kingine. Utakwenda kumwomba wewe." Nikauliza kama tungeweza kupiga simu. Akaniangalia tu.

Nilishuka kwenye matatu, nikapita Gikomba katikati ya marobota ya mitumba, mpaka nyumba ya bibi. Nilivua viatu mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita."

Alikuwa amelala ubavu, na chini yake pametandikwa majani ya mgomba. Shuka, alisema, lilikuwa likiamka na ngozi yake kila asubuhi, jani haling'ang'anii. Nililigusa: laini, baridi, na nta yake. Nilikumbuka nguruwe wa George Winter. Mwaka wa 1962 yule Mwingereza alifunika majeraha ya nguruwe yasikauke, akaona ngozi mpya inayafunika karibu mara mbili kwa kasi kuliko yale yaliyoachwa wazi yapige kigaga. Seli haziwezi kutambaa juu ya ukavu. Nilikuwa nimeinukuu kazi ile kwenye andiko langu bila kuwaza jani la mgomba, na madaktari wa India walishalijaribu kwa watu walioungua. Bibi hakuwa amemsoma yeyote kati yao. Aliagiza majani Gikomba.

Nikamweleza. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nilianzia kwenye kosa: chupa ni zangu, maji niliyachanganya mimi, ngozi yake imeharibika.

Alikaa kimya kitambo. Kisha: "Na iko wapi?"

"Nini, bibi?"

"Ngozi yangu. Nywele zangu nazika, kucha zangu nazika. Nyinyi mmeitupa?"

Nilisema mabaki yake yako kwenye friza. Akasema atatoa cha pili, ila cha kwanza nimrudishie. Mjukuu, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Safari hii mzee wa maabara alinusa chupa mbele yangu, nami nikanusa baada yake. Kipande tulikigawa. Nusu tuligandisha na kukata. Uzi wa kijani ulitokea, mwembamba, umenyooka, mzuri hata nikaona haya kuufurahia. Nusu nyingine nililoweka siku mbili kwenye friji, kwenye maji ya chumvi ya gramu 58 kwa lita, makali kuliko ya Bahari Hindi. Chumvi ile huachanisha ngozi katikati ya gundi, ukapata paa na sakafu. Kingamwili zikibaki sakafuni, huenda zimeshambulia kolajeni ya 7, protini inayoshikiza gundi hiyo kwenye ngozi ya chini, ile ile wanayoikosa watoto wanaozaliwa na ngozi inayochubuka kwa kuguswa tu, na ugonjwa huo ni mkaidi kwa dawa. Za bibi zilikuwa zimeng'ang'ania paa. Pemfigoidi, ugonjwa wa wazee, na hauna uhusiano wowote na sufuria ya maji ya moto.

Kwa sababu ya kisukari mwalimu wangu hakutaka kumpa vidonge vya steroidi, ambavyo hupandisha sukari. Alimwandikia krimu ya klobetasoli, steroidi ya kupaka mwilini. Utafiti wa Ufaransa wa 2002 ulikuwa umeonyesha kwamba wagonjwa wa aina yake, wenye malengelenge yaliyoenea, waliopakwa krimu walinusurika zaidi kuliko waliomeza vidonge. Krimu ilikwenda kwa wingi, na pesa nazo. Lakini malengelenge mapya yalikoma. Karatasi ya majibu bibi aliitaka kwa Kiswahili. Niliiandika kwa mkono, mwalimu akatia sahihi, nikasikia iliwekwa dukani jirani wiki nzima.

Mabaki ya kipande cha kwanza yalihitaji fomu tatu na sahihi nne. Niliyapeleka Majengo kwenye shashi, ndani ya kichupa. Bibi alikuwa ameketi kitako, kwa mara ya kwanza machoni pangu. Akafungua kifuniko, akachungulia.

"Kadogo hivi?"

Akanusa. Uso ukamkunjamana.

"Harufu ya mochari hii! Na wewe hukuisikia?"

"Nilikuwa na mafua, bibi."

Alicheka mpaka akajishika ubavuni, pale penye bendeji mpya, akamwita mjukuu alete mwiko wa kuchimbia.