Deni la Sura: Jinsi Jumuiya Yetu Ilivyomaliza Biblia Nzima

Jaribio letu la kwanza la kusoma Biblia nzima lilifia kwenye kitabu cha Mambo ya Walawi, na nikisema ukweli, aliyelifisha ni mimi. Nilikuwa katibu wa jumuiya yetu, katika usharika mmoja wa Kilutheri mjini Morogoro, na ndiye niliyependekeza kwamba mwaka 2022 tusome sura tatu kila siku na tano siku ya Jumapili, na kwamba atakayeruka siku alipe faini ya shilingi 500. Wazo la faini nililitoa kwenye kikoba, ambako nimekuwa mwanachama kwa miaka mingi na ambako, kusema kweli, faini huwafanya watu wawahi. Watu 27 walijiandikisha, wakapiga makofi, tukaomba, tukaanza tarehe 1 Januari.

Kosa halikuwa kwenye hesabu ya sura. Biblia tunayoitumia ina vitabu 66 na sura 1,189, na kwa mwendo ule ingeisha kabla ya mwaka kwisha. Kosa ni kwamba Januari hiyo ilikuwa na Jumapili tano, kwa hiyo ilipofika tarehe 31 msomaji mwaminifu alitakiwa awe amemaliza sura 103, yaani Mwanzo yote, Kutoka yote na Walawi hadi sura ya 13, ile inayoeleza namna kuhani anavyokagua vipele na mabaka ya ngozi. Januari ndiyo mwezi wa ada, sare za shule na kodi ya nyumba. Mtu aliyekosa siku nne alikuwa anadaiwa sura 12 na shilingi 2,000, na kwa kuwa hakuwa na muda wa kuzilipa sura wala hela ya kulipa faini, aliona afadhali asionekane kabisa. Siku moja sokoni nilimwona mama mmoja wa jumuiya akinitazama kwa mbali, kisha akazunguka meza ya nyanya na kupita njia nyingine. Sikuwa naenda kumdai. Nilikuwa natafuta vitunguu. Hata hivyo nilielewa kwamba nimekuwa mtu wa kukimbiwa, na Jumapili ya Matawi ilipofika tulikuwa tumebaki wawili, mwinjilisti na mimi, tena mimi nilikuwa naruka vizazi bila kumwambia mtu.

Mwezi Novemba nilinunua kaunta buku, nikakaa na Biblia na kuanza kuhesabu upya. Agano la Kale lina sura 929. Ukiitoa Zaburi yenye sura 150, zinabaki 779. Agano Jipya lina sura 260. Nilipoziangalia namba hizi mbili nikagundua jambo ambalo lilinifanya niinuke kwenye kiti: ukisoma sura tatu za Agano la Kale na sura moja ya Agano Jipya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, unamaliza maagano yote mawili katika siku zilezile 260, ambazo ni majuma 52 kamili. Sura tatu mara siku 260 ni 780, kwa hiyo katika jedwali lote kinabaki kisanduku kimoja tu kitupu, siku ya mwisho. Zaburi nilizitenga kwa ajili ya kikao cha Jumamosi, tatu kila Jumamosi, nazo zinaisha kwa majuma 50. Jirani yangu Mkatoliki alipotaka kuungana nasi ilibidi nimtengenezee jedwali lake, kwa sababu Biblia yake ina vitabu 73, lakini hilo halikuwa gumu.

Lililokuwa gumu ni kanuni niliyoiandika chini ya jedwali: hakuna deni. Mtu aliyekosa siku moja, au juma zima, anaanza na sura ya leo, pale wenzake walipo. Zile alizoziruka anaziachia alama, na atazirudia Jumamosi au Jumapili akipata nafasi, au asizirudie. Mzee mmoja wa kanisa alipinga kwa nguvu. Alisema huko ni kuwalea watu katika uvivu, na kwamba Neno la Mungu halisomwi kwa kuchagua. Nilimjibu kwamba mwaka uliopita tulikuwa wakali na Neno halikusomwa kabisa. Hakuridhika, lakini alijiandikisha, na ninamshukuru kwa hilo kwa sababu mwezi Agosti aliugua, akakosa majuma mawili, akarudi akiwa ameikunja Biblia yake kwenye ukurasa wa siku hiyo.

Tulianza Jumatatu tarehe 2 Januari 2023 tukiwa watu 19. Kila sura ilisomwa kwa sauti na mmoja wetu, akajirekodi kwa simu na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ili anayepika aisikilize akiwa jikoni na anayekwenda kazini aisikilize kwenye daladala. Sura nne kwa kawaida zilichukua kama dakika ishirini. Tulikubaliana kwamba wasomaji watumie tafsiri ya Union ya mwaka 1952, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu alisoma aliyonayo, na ukiwa unafuata kwenye kitabu huku sikioni unasikia tafsiri ya Habari Njema, unajikuta hujui uko mstari gani. Asiyekuwa na bando alisoma mwenyewe. Bibi mmoja, ambaye ndiye mkubwa kuliko sisi wote, hakuwahi kujifunza kusoma na hana simu ya kupangusa, hivyo mjukuu wake wa darasa la sita alimsomea kila jioni baada ya chakula na kumwekea tiki kwenye jedwali lililobandikwa nyuma ya mlango.

Walawi niliisubiri kwa hofu. Kwa mpango mpya ilikuwa ya siku tisa tu, kuanzia juma la saba, lakini nilijua ndipo tulipozikwa mwaka uliotangulia. Kilichotuokoa sikukipanga, kilitokea chenyewe kwa jinsi maagano mawili yalivyokuwa yakitembea pamoja. Jumatano ya juma hilo sura ya Agano Jipya ilikuwa Marko 5, ambayo ndani yake yumo mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akapita katikati ya umati kutoka nyuma na kugusa vazi la Yesu. Ijumaa, sura tatu za Agano la Kale zilikuwa Walawi 13 hadi 15, na mwishoni mwa sura ya 15 imeandikwa sheria ya mwanamke anayetokwa na damu siku nyingi nje ya siku zake: kitanda anacholalia ni najisi, anapokaa ni najisi, na anayevigusa vitu hivyo ni najisi hata jioni.

Jumamosi ile, kabla hatujafika hata kwenye zaburi, mama mmoja ambaye ni mkunga aliinua mkono. Alisema amelisikia hubiri la mwanamke yule tangu akiwa Sunday school na siku zote aliambiwa alikuja kwa nyuma kwa sababu ya unyenyekevu. "Kumbe alikuwa anaogopa," alisema. "Kila aliyemgusa pale kwenye umati, kwa sheria hii, alikuwa anamtia unajisi. Angetambuliwa wangemfanya nini?" Kikao kilichukua saa mbili. Wanawake walizungumza mambo ambayo kwa miaka yote ya ibada zetu za nyumba kwa nyumba sijawahi kuyasikia, kuhusu siku zao, kuhusu vitu walivyokatazwa kugusa na mama zao, kuhusu mimba zilizoharibika, na sisi wanaume tulikaa kimya tukiangalia chini, jambo ambalo nadhani lilikuwa sawa. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza kwa nini tunasoma Walawi.

Mwezi Aprili tulifika Waamuzi 19. Ni sura ya mwanamke aliyetolewa nje usiku kwa wanaume wa Gibea, wakamtenda jeuri hadi alfajiri. Zamu ya kurekodi siku hiyo, Jumanne tarehe 18, ilikuwa ya binti wa kidato cha tatu, na mimi mpangaji wa zamu sikuwa nimeifungua sura hiyo kabla. Alinipigia usiku akiwa analia. Nikairekodi mwenyewe, tena vibaya, kwa sauti inayokimbia. Sikumkumbuka yule mjukuu wa bibi. Yeye alianza kusoma kama kawaida, akafika katikati, akafunga Biblia akasema, "Bibi, hii siwezi." Bibi akamwambia, "Basi iache, mwanangu, tulale." Siku iliyofuata jedwali liliwaleta kwa Ruthu na wakaendelea. Mchungaji nilipomweleza alikaa muda, kisha akaniambia kwamba tangu abarikiwe hajawahi kuihubiri sura ile. Kuanzia hapo nikawa naisoma kila sura juma moja kabla ya kugawa zamu, na ningemshauri yeyote anayeanzisha zoezi hili alifanye hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Majina ya 1 Mambo ya Nyakati yalipita mwezi Juni haraka kuliko nilivyotazamia, kwa sababu vijana waliyageuza mashindano ya kutamka. Zaburi 117 yenye mistari miwili tuliisoma tukicheka, na juma lililofuata Zaburi 119 yenye mistari 176 ikatumaliza pumzi. Pabaya kuliko pote, kwa maoni yangu, palikuwa Oktoba. Isaya ilikuwa imekwisha, Yeremia ikaingia na sura zake 52, na watu wanne wakanyamaza moja kwa moja. Sikuwafuata kwa maneno. Nilimtuma mtu mmoja kwa kila mmoja wao, akamwambie tu leo tuko sura ya ngapi. Wawili wakarudi.

Mwisho wa Novemba, hekalu la Ezekieli lilitupatia msaada wa aina yake. Fundi mwashi wa jumuiya yetu aliudhika na vipimo vile mpaka akaja Jumamosi na mwanzi wa karibu mita tatu alioukata mwenyewe, dhiraa sita na kila dhiraa imeongezwa shubiri, kama ilivyoandikwa katika sura ya 40. Akaulaza uani. Akasema vyumba vya walinzi langoni vilikuwa mwanzi mmoja kwa mwanzi mmoja, akavichora kwa mkaa, akasimama ndani. "Hiki ni chumba cha kumi kwa kumi," alisema, "kama kile ninachopanga mimi."

Siku ya 260 iliangukia Ijumaa tarehe 29 Desemba: Malaki 3, Malaki 4, Ufunuo 22, na kile kisanduku kitupu. Watu 13 walikuwa wamesoma au kusikiliza sura zote, na wengine wanne walikuwa na mapengo waliyoyajua na wasiyoyaonea haya. Jioni nilikwenda kwa bibi kumpongeza. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha jedwali nyuma ya mlango. Mjukuu wake alikuwa ameweka tiki kila mahali isipokuwa sehemu moja, mwezi Aprili.

"Katibu," bibi aliniambia, "mtoto hakuweza, na mimi sikutaka kumlazimisha. Lakini wewe ni mtu mzima. Nisomee ile tuliyoiacha."

Mjukuu akatumwa dukani. Nikaisoma Waamuzi 19 yote, mistari 30, safari hii polepole. Alisikiliza ameshika kingo za khanga yake. Nilipomaliza akauliza yule mwanamke alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia Biblia haikumtaja jina. Akanyamaza, kisha akanisogezea kalamu niweke tiki.