Jina la Kwenye Kibao

Tarehe kama ya leo, 17 Aprili, mwaka 1918, alizaliwa huko O'Fallon, Illinois, mtoto aliyeitwa William Franklin Beedle. Dunia ikaja kumjua kama William Holden, mwigizaji wa filamu wa Marekani. Mimi nilianza kumjua kama jina la kwenye kibao.

Nilikuwa darasa la sita Nanyuki. Walimu walitupakia kwenye basi, wakatupeleka kwenye kituo cha mafunzo ya wanyamapori chenye jina lake, pale chini ya Mlima Kenya. Nikadhani huyo Holden alikuwa mlowezi mwenye shamba. Siku hiyo ndiyo nilimwona bongo, yule swala mkubwa wa msituni, kwa mara ya kwanza. Alisimama tuli nyuma ya ua, mwili wa kahawia iliyoiva ikawa nyekundu, mistari myeupe imeteremka ubavuni kama chokaa iliyomwagwa kutoka mgongoni. Kila mmoja wetu alipokohoa, masikio yale makubwa yaligeuka. Hatukutaka kuondoka.

Miaka ikapita. Nikiwa chuo, rafiki yangu akaweka filamu ya zamani isiyo na rangi, Sunset Boulevard ya mwaka 1950. Jina likatokea kwenye skrini nami nikaketi wima. Ni yule wa kibao! Hadithi inasimuliwa na maiti: mwandishi aliyefilisika, anaelea kwenye bwawa la kuogelea la mwigizaji aliyesahauliwa na wakati. Usiku ule nililala nikimwaza Holden, jinsi alivyoweza kucheza mtu anayejiuza kidogo kidogo huku akijua kabisa anachokifanya.

Tangu hapo ninamkusanya. Sina vingi. Kilicho karibu zaidi na moyo wangu ni kadi moja ya filamu yake Stalag 17, zile kadi za picha ambazo kumbi za sinema Marekani zilikuwa zikibandika mlangoni, mara nyingi nane kwa kila filamu, kuwavutia wapita njia. Binamu yangu aliyeko Texas ndiye aliyeninunulia. Ninapoandika haya iko mezani. Pembe zote nne zina matundu ya pini, na pembe moja ina matundu matatu, kwa hiyo mtu aliibandua na kuibandika tena na tena. Chini kulia kuna namba ndogo inayoanza na 53, yaani mwaka wa filamu. Kungekuwa na herufi R mbele yake, ningejua ni ya filamu iliporudishwa sokoni baadaye. Haipo. Kadi hii ilining'inia mlangoni watu walipokuwa wanamwona Sefton kwa mara ya kwanza, yule mfungwa wa vita mchuuzi ambaye wenzake wote wanamshuku kuwa ni msaliti.

Sefton ndiye aliyempa Holden tuzo ya Oscar mwaka 1954. Muda wa matangazo ulikuwa umekwisha, hakupata nafasi ya kusema zaidi ya asante. Kisha akalipia matangazo kwenye magazeti ya Hollywood kwa fedha zake, ili awataje aliotaka kuwashukuru. Hapo ndipo ninapompendea kuliko hata sura yake. Mwaka 1939, alipokuwa kijana asiyejulikana kwenye Golden Boy, studio ilitaka kumfukuza. Barbara Stanwyck, nyota mkubwa wa filamu ile, akamkingia kifua na kumfundisha kazi. Holden akawa anampelekea maua kila mwaka. Mwaka 1978 walisimama pamoja kwenye jukwaa la Oscar kutoa tuzo, Holden akasitisha shughuli ili amshukuru mbele ya dunia nzima. Stanwyck hakuwa ametegemea. Sura yake ilionyesha.

Kuhusu Kenya nitasema ukweli wote. Mwaka 1959 yeye na wenzake wawili, Ray Ryan na Carl Hirschmann, walifungua hoteli ya Mount Kenya Safari Club. Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni wakati wa Mau Mau ilikuwa haijaondolewa, na ardhi ile bora ya nyanda za juu ilikuwa imetengewa wazungu. Sitaipamba hadithi hiyo. Lakini mlima ulimshika mtu huyu. Mwaka 1962 alicheza The Lion, iliyopigwa hapa hapa Kenya, na pamoja na Don Hunt akajenga ranchi ya wanyama ambako bongo wa mlimani walianza kuzalishwa. Wengi walikuja kwetu kuwinda. Yeye alihangaikia walio hai.

Alifariki tarehe 12 Novemba 1981, nyumbani kwake Santa Monica, peke yake, baada ya kuanguka. Siku kadhaa zilipita kabla hajakutwa. Sehemu hii huniuma kila mwaka. Miaka mitano tu kabla, alikuwa amecheza Network, uso umejaa makunyanzi, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kupita zote. Ule uzuri wa ujana ulikuwa umeondoka, pakabaki mtu anayesikiliza kabla ya kujibu.

Mwaka uliofuata, Stefanie Powers, mwenzi wake wa miaka mingi, alianzisha taasisi kwa jina lake, na kituo kile tulichopelekwa na basi la shule ni matunda yake. Mwaka huo huo wa 1982 Stanwyck alipewa Oscar ya heshima. Akamtaja Holden, kwamba siku zote alimtakia aipate, na usiku ule matakwa yake yalikuwa yametimia. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa kwenye mabustani ya wanyama ya Marekani walisafirishwa kurudi chini ya Mlima Kenya.

Shule zimefungwa. Jumamosi mimi na binti yangu tutapanda matatu ya asubuhi kwenda Nanyuki. Jana nilimwonyesha kadi, akaweka kidole kwenye yale matundu matatu ya pini, akauliza, "Baba, huyu ndiye mwenye bongo?"

Nikamwambia ndiye.