Mradi wa supakondakta: kioo cha tatu, na sifuri ya mita

Kioo cha tatu kimetoka, na hiki hakina mawaa.

Kwa aliyenikuta njiani: natengeneza seramiki inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana, ya ile jamii ya bismathi waliyoitangaza Hiroshi Maeda na wenzake kule Japani mwaka 1988. Wengi husaga unga, wakaugandamiza kidonge, wakachoma. Mimi napitia kwenye kioo, maana viungo vikishayeyuka vinachanganyika vyenyewe, na kinu kinapumzika.

Safari hii: oksidi ya bismathi gramu 9.32, kabonati ya strontiamu 5.91, kabonati ya kalsiamu 2.00, oksidi ya shaba 3.18. Moto wa taratibu kwanza, kabonati zimalize kutoa gesi (mara ya kwanza niliharakisha, uji ukafurika tanurini), kisha nyuzi 1,150 kwa dakika 20. Ukikawia, uji unakula chungu cha alumina na kioo kinachafuka.

Kazi iko kwenye kumimina. Ukiacha upoe wenyewe unaganda chembechembe, si kioo. Nimemimina juu ya bamba la chuma, papo hapo nikakandamiza kwa pasi ya mkaa ya bibi, baridi. Tss! Kipande cheusi tii, chembamba kama sarafu, kinavunjika kama chupa. Mita haioni umeme ukipita.

Kioo chenyewe bado si supakondakta; kinarudi tanurini ili fuwele zipitishazo umeme ziote ndani yake. Huanza kuota kabla ya nyuzi 500, ila hizo za mwanzo hata kwenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ninayotumia kupozea, hazikufai, zinataka baridi kali zaidi. Kioo cha pili kiliishia hapo, umeme ulipokatika usiku. Hiki kimekaa nyuzi 840 kwa saa 30.

Alhamisi mhimilishaji wa ng'ombe, ambaye huhifadhi mbegu kwa naitrojeni hiyo, alinigawia kidogo kwenye chupa ya chai (usikaze kifuniko, italipuka!). Nyaya nne: mbili za kupeleka miliampia 100, mbili za kusoma volti, ili ukinzani wa nyaya zenyewe usiingie hesabuni. Kabla ya kukizamisha, milivolti 14.2. Kikazama, ikashuka kwa uvivu hadi 6, kisha ikaporomoka: 0.0. Nikakitoa, ikarudi juu. Nikakizamisha tena. Mara tano, kama mtoto.

Ni sifuri ya mita ya bei poa, sijidanganyi. Na sumaku haikuelea juu yake, kama inavyotakiwa kwa supakondakta nzuri, ilisogea kando tu. Aina hii huanza kazi karibu Kelvini 85 (kama nyuzi 188 chini ya sifuri) na naitrojeni huchemka 77 (kama 196 chini ya sifuri), nafasi ni finyu.

Kipande kingine kiko tanurini. Hicho nakipa saa 60, umeme ukiruhusu.